Wanafunzi Kumi na Wawili, Babu Mmoja

Jumatano, Agosti 2014. Muaither, Doha.

Leo joto limekuja na unyevu. Nimeshuka kwenye basi la ofisi saa kumi na moja jioni, miwani ikashika ukungu papo hapo, nikasimama kando ya barabara nikiifuta kwa ncha ya blauzi huku magari yakipita. Tangu nifike nyumbani sijatulia. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimefungua friji mara tatu bila kutoa kitu. Nimeanza kumpigia mama Machakos, nikakata kabla simu haijaita, kwa sababu angesikia sauti yangu tu angejua.

Kwa hivyo nakuandikia wewe, shajara yangu ya mtandaoni. Nikiandika, angalau mikono hukaa mahali pamoja.

Kwa wale wachache mnaopita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Nduku, nina miaka thelathini na mbili, na kazi yangu ni kuwauliza maswali vijana wa Kichina. Majina ya wengine wote nimeyabadilisha.

Watu hudhani natania. Mkamba anayeishi Doha, anawahoji Wachina wanaotaka kwenda kusoma Uingereza. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Ofisi yetu iko Al Sadd, ghorofa ya nne, juu ya duka la mapazia. Vyuo vya ng'ambo vinatuajiri tuzungumze na waombaji kwa simu ya video kabla hawajapewa nafasi. Tunahakikisha kwamba mtu aliye kwenye fomu ndiye huyo anayeongea, kwamba anajua anachoenda kusomea, na kwamba Kiingereza chake kitamfikisha darasani. Bosi wetu, Bwana Samir, husema hakuna mji unaofaa kazi hii kama Doha: tukifungua ofisi asubuhi, China wametoka kula chakula cha mchana, tukikaribia kufunga, Uingereza bado wako kazini. Nikimaliza mahojiano naweka rangi. Kijani, apite. Nyekundu, akataliwe. Manjano, kuna shaka.

Nilipoanza mwaka wa 2009 ilikuwa kazi nyingine kabisa. Waombaji walikuwa wachache, wengi wameshamaliza shahada ya kwanza, wanatoka Beijing na Shanghai, na walijiandikia barua zao wenyewe. Zilikuwa na makosa, lakini ulimsikia mtu ndani yake. Kulikuwa na mmoja aliyetaka kusomea madaraja kwa sababu alikulia upande usio na daraja, akivuka mto kwa kamba kwenda shule. Yule nilimkumbuka mwaka mzima.

Halafu wakaja mawakala. Walikuwepo tangu zamani, lakini sasa wako kila mji, mpaka miji ambayo Liu, mwenzangu wa ofisini aliyezaliwa nchi hiyo, hujifanya anaijua huku akiitafuta kwenye ramani. Waombaji wamekuwa wadogo: kumi na tisa, kumi na nane, wengine kumi na saba, wanaanzia mwaka wa maandalizi. Karibu wote wanataka uhasibu, fedha au biashara. Mzazi huenda kwa wakala kama anavyokwenda kwa fundi wa nguo, mtoto anapimwa, na baada ya wiki chache anatoka na barua, vyeti vilivyopangwa, orodha ya vyuo vitatu, na majibu ya kukariri. Vyuo navyo vinawahitaji. Viti vya Septemba lazima vijae, na wakala ndiye anayejua watoto wako wapi. Kila mwanafunzi akisajiliwa, wakala anapata kamisheni yake. Mimi nimeketi katikati ya mlango nikiwa na rangi tatu.

Msimu huu, kati ya Juni na Agosti, wakala mmoja wa mkoa wa Henan alituletea wanafunzi wengi wa chuo kimoja cha kaskazini mwa Uingereza. Na katika barua zao kukawa na sentensi inayojirudia. Tangu utotoni nilimtazama babu yangu akihesabu kwa shanga za mbao, na tangu siku hiyo moyo wangu ukaupenda uhasibu.

Mara ya kwanza nilisema, babu mzuri huyu.

Mara ya tatu nilimwita Liu aje aone. Liu ni Mchina, alisomea Leeds miaka kumi iliyopita, na ndiye anayezungumza na wazazi pale inapohitajika. Alisoma, akacheka mpaka akashika meza. Akasema, "Huyu mzee ana wajukuu wengi sana kwa nchi yenye sera ya mtoto mmoja." Tukacheka wote wawili. Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikaweka kijani, kwa sababu yule kijana alikuwa amejibu maswali yote na mchana huo nilikuwa na wengine wanane.

Nimeandika hiyo sentensi iliyopita na kuifuta mara mbili. Naiacha.

Nilijua tangu Julai.

Jumapili, siku yetu ya kwanza ya kazi, nikampata Wenjing. Miaka kumi na tisa, nywele zimefungwa nyuma, shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola ikasimama. Nyuma yake ukuta mtupu. Akaanza kujibu kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula, bila kupumua, macho yakiwa juu kidogo ya kamera. Jina langu ni hili. Nimechagua chuo chenu kwa sababu hizi. Na babu akaja, na shanga zake za mbao.

Sijui kwa nini siku ile sikuvumilia. Labda kwa sababu lile shati lilinikumbusha kitu, nitakieleza. Nikamkatiza.

"Babu yako anaitwa nani?"

Macho yakateleza pembeni, kulia, mahali ambapo kamera haifiki. Nikasikia mnong'ono wa mwanamke. Wenjing akarudi kwangu akasema, kwa lafudhi ile ile safi, kwamba chuo chenu kina maktaba bora na walimu wenye uzoefu.

Nikauliza tena polepole. Akajibu maktaba tena. Ile picha ikakatika. Mtandao, wakala aliandika baadaye. Mtandao ulisumbua.

Ningeweza kuweka nyekundu na kwenda kula. Nikaweka manjano, ambayo inaniruhusu kupiga mara ya pili. Na badala ya kupitia kwa wakala, nikamwomba Liu apige namba ya mzazi iliyo kwenye fomu.

Sasa lile shati. Mwaka wa 2007 nilikaa kwenye ukumbi wa hoteli moja Nairobi nikiwa na shati jeupe kama lile, nimeliazima kwa binamu yangu. Wakala alikuwa ameniandikia kwamba nimefanya kazi ya mapokezi kwa miaka minne. Sikuwahi kufanya hata siku moja. Nilikuwa nauza vocha za simu. Alinikaririsha majibu kwa wiki mbili. Mama wa Kifilipino aliyekuja kuhoji alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga faili, akaniuliza, "Ukikasirikiwa na mgeni aliyelewa, utafanya nini?" Jibu la swali hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Nikamwambia ukweli, kwamba baba yangu alikuwa mlevi na nilijifunza zamani kusema kwa sauti ya chini na kusimama karibu na mlango. Wiki iliyofuata nikapata kazi ya hoteli kule West Bay, hapa Doha, na miaka miwili baadaye nikahamia ofisi hii.

Niliingia Doha kwa maneno ya kukariri. Hilo sijawahi kuliandika hapa.

Jumatatu Liu akawapata. Simu ilipokelewa dukani, wanauza vigae vya bafu. Baba akaomba apewe dakika kumi afunge mlango wa mbele. Picha ilipofunguka, Wenjing alikuwa amekaa juu ya maboksi, amevaa fulana, na nyuma yake kulikuwa na kuta za vigae vya kila rangi. Baba alisimama kando, mikono imekunjwa, mfupi, ana vumbi jeupe kwenye nyusi. Akazungumza na Liu kwa muda mrefu. Liu akanigeukia.

"Anauliza kama binti yake amekataliwa. Anasema waliambiwa Kiingereza hakina shida, kwamba huko kuna walimu wanaojua Kichina."

"Mwambie bado hajakataliwa. Mwambie nataka kuongea na binti yake tu, kwa maneno yake mwenyewe, hata yakiwa kumi."

Yalikuwa zaidi ya kumi, lakini si sana. Kiingereza chake halisi kilikuwa cha kuokota okota, akisimama kila baada ya neno kama mtu anayevuka mtaro kwa mawe. Akaniita mwalimu. Babu mzaa baba, akasema, alikufa kabla hajazaliwa. Babu mzaa mama ni fundi cherehani na hesabu zake zote huandikiwa na bibi. Nikacheka, naye akacheka, kwa aibu, akafunika mdomo.

Nikamuuliza anafanya nini kila siku. Akasema anakaa dukani. Mteja akija na vipimo vya bafu, yeye ndiye anayepiga hesabu ya vigae, anaongeza vya kuvunjika, anaongeza vya kukatwa kwenye kona, na baba hukubali namba yake bila kuirudia. Tangu akiwa na miaka kumi na nne. Nikamtajia bafu langu hapa Muaither, mita mbili kwa moja na nusu, ukuta mpaka kiunoni. Hakuchukua kalamu. Akatazama juu, akahesabu kwa vidole vikigongagonga goti, akanipa jibu. Kisha akauliza mlango unafungukia ndani au nje.

Msichana huyu, kwenye barua yake, alikuwa amepewa babu wa kuazima.

"Kwa nini unataka kwenda?" nikamuuliza mwisho.

Hapa Kiingereza kikamwishia. Akamwambia Liu kwa Kichina, haraka, akiangalia chini. Liu akashusha sauti kabla ya kunitafsiria.

"Anasema alifanya mtihani wa kuingia chuo mara mbili, mara zote akaanguka. Anasema mtaani kwao kila mtu anajua alama zake. Muuza tambi anajua. Anataka kufika mahali ambapo hakuna mtu anayejua alama zake."

Baba alikuwa amegeuka anapanga boksi ambalo lilikuwa limepangwa tayari.

Halafu Wenjing akarudi kwenye kamera akasema kwa Kiingereza, yeye mwenyewe: "Mwalimu, tafadhali. Mimi nafanya kazi kwa bidii. Usiandike hapana."

Niliwaaga nikabaki nimeshika kipanya cha kompyuta bila kukisogeza. Kuna mwaka mmoja nilimpitisha kijana aliyefanana naye, nitamwita Bo, kwa huruma tu. Mwaka ule bado nilidhani kijani ni zawadi. Bo alifika, hakuelewa mihadhara, akaanguka muhula wa kwanza na wa pili, na hakuwaambia wazazi wake. Baada ya mwaka na nusu mama yake alipiga simu ofisini kwetu, kwa sababu namba yetu ndiyo iliyokuwa chini ya barua ya zamani na hakuwa na nyingine. Liu ndiye aliyempokea. Mama alikuwa anauliza kama tunajua mwanawe yuko wapi. Alipatikana, yu mzima, anaosha vyombo kwenye mkahawa wa mji mwingine, aliona haya kupiga simu. Lakini kwa siku nne yule mama alitupigia kila asubuhi, na kila asubuhi Liu alitoka kwenye simu akaenda msalani kukaa kidogo.

Kwa hivyo sikuweka kijani. Nikaandika ripoti. Nikasema barua si yake. Nikasema Kiingereza chake hakitoshi kuanza shahada Septemba. Nikasema mwanafunzi mwenyewe ni wa kweli, hesabu anaziweza kuliko wengi niliowapitisha, na nikapendekeza apewe kwanza mwaka wa lugha. Na chini kabisa nikaongeza mstari mmoja: sentensi kuhusu babu nimeiona katika barua nyingine za wakala huyu.

Bwana Samir alisoma ripoti akiwa amesimama mlangoni. Ni mtu wa Amman, mpole, hupenda mambo yaishe. "Nduku, chuo kinataka rangi, hakitaki hadithi. Ondoa huo mstari wa mwisho."

"Ni kweli, bwana."

"Sijasema si kweli. Nimesema uondoe."

Alikwenda kupokea simu. Nikabaki na ripoti kwenye skrini. Sikuuondoa. Nikatuma.

Nilirudi nyumbani Jumatatu nikiwa mwepesi, nikamsimulia Atieno tukila ugali. Atieno ni muuguzi, tunaishi chumba kimoja, ana ulimi wa Kisumu usioogopa mtu. Alinisikiliza akitoa mifupa ya samaki. "Manze Nduku, si ungeweka tu kijani ulale? Hao watoi si wako." Kisha baada ya muda akasema, "Lakini huyo wa vigae, ningemwajiri mimi." Nikaona nimeshinda.

Jumanne hakukuwa na neno lolote.

Leo saa tisa mchana jibu likaja kutoka kwa Helen, mama wa ofisi ya udahili kule chuoni. Wenjing amepewa nafasi. Ataanza kozi ya lugha Januari, na akifaulu ataingia uhasibu Septemba inayofuata. Nilipiga kofi mezani kwa furaha. Liu akaja mbio. Tukasoma pamoja, tukafika aya ya pili.

Kutokana na taarifa yenu, tumepitia barua zote za wakala huyu. Sentensi hiyo imeonekana kwa waombaji wengine kumi na mmoja. Nafasi zao zote zimefutwa.

Kumi na mmoja.

Si mawakala kumi na mmoja. Watoto. Wengine walikuwa wameshapata viza. Mmoja, Liu akakumbuka, alikuwa amekata tiketi inayopitia hapa Doha wiki ya kwanza ya Septemba. Nikafungua orodha. Wanne kati yao niliwahoji mimi. Wanne nimewaweka kijani mimi mwenyewe, Julai, wengine baada ya kucheka na Liu. Saba walihojiwa na wenzangu, na sijui hata sura zao. Kati yao lazima kuna asiyejua neno la Kiingereza, na lazima pia kuna Wenjing mwingine, na mwingine aliyesoma kwa jasho na akapewa babu bila kuulizwa. Hakuna aliyewauliza babu yao anaitwa nani.

Bwana Samir hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga mlango wa ofisi yake, akakaa, akavua miwani.

"Kesho wazazi kumi na mmoja watapiga simu hapa. Utawaambia nini?"

Akaigeuza miwani mkononi.

"Ulitaka kusema ukweli. Sawa. Lakini Nduku, yaani, ukweli huu ulikuwa nao tangu lini?"

Hilo swali ndilo lililonifuata kwenye basi, ndilo limefua nguo pamoja nami. Kwa sababu nilikuwa nao tangu Julai. Ningeusema Julai, kwa barua ya tatu, wakala angeonywa, watoto wangeandika upya, kila mmoja angehojiwa kama alivyostahili. Niliuweka mfukoni kwa sababu ulikuwa unachekesha. Nikautoa siku ambayo mtu mmoja alinigusa moyo, na nikamtolea yeye peke yake, na gharama yake nikawaachia wengine ambao hawakupata nafasi ya kunigusa.

Je, huo ni ukweli, au ni upendeleo tu uliovaa nguo za kanisani?

Nikamwomba Bwana Samir amwandikie Helen. Akakataa. Akasema chuo kimeamua, khalas, yamekwisha, na msimu ujao tutatafuta wakala mwingine. Akanikumbusha, bila ukali, kwamba mkataba wangu unaisha Oktoba na yeye ndiye anayetia sahihi. Anajua ninavyojua: hapa ukikosa mwajiri, unakosa na kitambulisho, na mwezi hauishi kabla hujaonyeshwa njia ya uwanja wa ndege. Nina dada anayesoma Kitui kwa sababu ya kazi hii.

Nilirudi kwenye meza yangu. Nikaandika barua kwa Helen mimi mwenyewe, nikamweka Bwana Samir kwenye nakala ili asiseme nimemzunguka. Haikuwa ndefu. Nilisema kwamba sentensi ile niliiona mapema na sikuitaja, na kosa hilo ni langu. Nilisema barua ya uongo si lazima iwe na mwanafunzi wa uongo. Nikaomba niwahoji wote kumi na mmoja upya, bila wakala chumbani, mmoja baada ya mwingine, na niandike ripoti kamili ya kila mmoja, mbaya au nzuri.

Nilipobonyeza kutuma, nilisikia kiti cha Bwana Samir kikirudi nyuma upande wa pili wa ukuta. Alikuja akasimama mbele yangu. Liu akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Wewe ni mtu mgumu," akasema.

"Samahani, bwana."

"Usiombe samahani kama hujajuta."

Jibu la Helen lilifika dakika ishirini baadaye, kabla hatujafunga. Anakubali. Tuna mpaka Jumapili jioni. Baada ya hapo orodha ya Septemba inafungwa. Atakayeonekana ni wa kweli atarudishiwa nafasi yake au apewe ya Januari. Bwana Samir alisoma, akakuna kidevu. Akasema nitafanya hivyo nje ya saa za kazi, kwa sababu mchana nina waombaji wa vyuo vingine, na kwamba hawezi kumlipa Liu saa za ziada. Nikasema sawa. Kuhusu Oktoba hakusema kitu, nami sikuuliza.

Liu alikuwa ameshachukua mkoba wake. Kwenye lifti, tukiwa wawili tu, nilimwambia sitamwomba aje, kwa sababu naye ana mkataba. Alitazama namba za ghorofa zikishuka.

"Watoto hutakuwa na shida nao," akasema. "Shida ni wazazi. Wazazi watakutukana, na hutajua hata wamekutukana nini."

Mlango ukafunguka, akatoka, akatembea mbele yangu mpaka barabarani. Sijui hiyo ilikuwa ndiyo au hapana.

Atieno ameamka kwenda zamu sasa hivi, ameniona nimeinama juu ya kompyuta, akaniuliza kama yule wa vigae amepita. Nikamwambia amepita. Akapiga vigelegele chumba kizima. Nikamwambia na wengine. Akaacha kufunga kamba za viatu.

"Kumi na mmoja? Woi, Nduku." Akakaa kitandani pangu. Hakunipa ushauri, na Atieno hushauri hata wageni kwenye foleni ya duka. Alinishika bega tu, akainuka, akaenda kazini.

Sasa ni saa moja na nusu jioni. Kiyoyozi kinanguruma, jirani anakaanga vitunguu. Nimepanga orodha. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, China itakuwa saa tano, nitakuwa kwenye kiti changu. Watatu kesho kabla ofisi haijafunguliwa, wawili baada ya kazi, wengine Ijumaa na Jumamosi wakati Doha yote imepumzika.

Wa kwanza nimemchagua makusudi. Anaitwa Haoran, miaka kumi na nane. Ni mmoja wa wale wanne wangu wa Julai. Nimefungua kumbukumbu zake: mahojiano yalidumu dakika tisa, kijani, na mbele ya maoni nimeandika neno moja, vizuri. Nimejaribu kukumbuka uso wake na sikumbuki hata kama alivaa miwani. Nilikuwa tayari kumpeleka mtoto wa mtu upande wa pili wa dunia kwa dakika tisa na neno moja.

Na ikiwa kesho nitagundua kwamba kweli Haoran hawezi? Kwamba nilikosea Julai, na sasa lazima niandike hapana kwa mkono ule ule ulioandika vizuri, huku mama yake akitazama, na labda bila Liu kando yangu?

Nitaandika hapana. Lakini kwanza nitamsikiliza saa nzima.

Nimeweka kengele ya saa kumi na moja kasoro robo. Shati langu liko kwenye kamba, bado halijakauka.